Wanawake Walioandaa Mkutano wa Amani

Mtu aliyekulia Kachibora, chini ya vilima vya Cherangani, anajua kwamba mkutano hauanzi siku ya mkutano. Kabla ya harusi au mazishi hukaa kamati. Nayo haiulizi kwanza ni nani atakayehutubu, bali huuliza wageni watalala wapi, watakula nini, na jirani wawili waliogombania mpaka wa shamba watakalishwaje chini ya hema moja. Nataka kusimulia habari za wanawake waliojiuliza maswali hayo hayo kwa ajili ya mataifa, kwanza huko Ulaya, kisha katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1915 Vita Kuu vilikuwa vimekwisha kufika hata Afrika ya Mashariki, ambako wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam na ule wa Kariokor huko Nairobi imerithi jina lao. Wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikuwa wamekusudia kukutana Berlin mwaka ule, lakini vita vikavunja shauri hilo. Ndipo Bibi Aletta Jacobs, daktari wa Uholanzi, alipotoa rai kwamba wakutane nchini kwake, maana Uholanzi haikuwamo vitani. Mwezi wa Februari wanawake wachache wa Uholanzi, Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani walikaa Amsterdam wakapanga kazi. Waholanzi, Waingereza na Wajerumani waliahidi kutoa gharama, kila upande theluthi moja. Fikiri, msomaji: vijana wa Kiingereza na wa Kijerumani walikuwa wakiuana mahandakini, na wanawake wa kwao walikuwa wakigawana gharama za mkutano mmoja!

Waliweka na sharti. Mkutanoni mtu asijadili ni taifa gani lililoleta vita, wala jinsi vinavyopiganwa. Labda wengine wataliona sharti hilo kuwa ni woga. Mimi naliona kuwa ni busara, kwa kuwa pasipo hilo mkutano ungalivunjika siku ya kwanza.

Safari nayo ilikuwa ya taabu. Waingereza wapatao 180 walitaka kwenda. Serikali yao ikawaruhusu 24 tu, kisha njia ya bahari ikafungwa, na waliohudhuria wakawa watatu. Meli ya Noordam, iliyowachukua Wamarekani, ilizuiliwa siku kadhaa karibu na pwani ya Uingereza. Walakini tarehe 28 Aprili wanawake zaidi ya 1,100, wa nchi 12, walikusanyika The Hague, na Bibi Jane Addams wa Marekani akakalia kiti. Walipoagana tarehe 1 Mei walikuwa wameunda kamati ya kimataifa ya wanawake ya kutafuta amani ya kudumu, ambayo mwaka 1919, huko Zürich, iligeuka kuwa Jumuiya ya Kimataifa ya Wanawake ya Amani na Uhuru. Vita havikukoma kwa maneno yao. Viliendelea miaka mitatu na zaidi.

Miaka 70 baadaye zamu ya kupokea wageni iliifikia Kenya. Mwezi wa Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano wake wa tatu wa wanawake wa dunia, na vyama visivyo vya serikali vikawa na baraza lao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu tarehe 10 hata 19. Kamati ya wenyeji iliongozwa na Bibi Eddah Gachukia, na baraza lenyewe na Bibi Nita Barrow wa Barbados. Walikuja watu wapatao 14,000. Vyumba vya hoteli havikutosha, maana wajumbe wa serikali nao walivihitaji, na wageni wengi wa baraza wakalala katika mabweni ya wanafunzi. Swali la Kachibora, basi, likawa swali la Nairobi.

Katika uwanja wa Chuo Kikuu lilisimamishwa Hema la Amani, na wanawake wa ile Jumuiya iliyoanzia The Hague walikuwa miongoni mwa walioliandaa. Hapo sharti la mwaka 1915 liligeuzwa: watu waliitwa waseme hasa yale yaliyowatenga. Wanawake wa Iran na wa Iraki, ambao nchi zao zilikuwa vitani tangu mwaka 1980, walikutana humo. Kadhalika Wapalestina na Waisraeli, na wanawake wa Urusi ya Kisovieti na wa Marekani. Maneno hayakuwa matamu sikuzote, wala hayakutazamiwa kuwa matamu.

Mkutano wa serikali, chini ya Bibi Margaret Kenyatta, ulikuwa na hatari yake. Huko Mexico mwaka 1975, na Copenhagen mwaka 1980, wajumbe walishindwa kukubaliana wote, na sababu moja kubwa ilikuwa ugomvi juu ya Palestina na neno Uzayuni. Mwishoni mwa mkutano wa Nairobi neno lile lile lilikaribia kuharibu kazi yote. Wajumbe wa Kenya wakatoa shauri: neno liondolewe, na mahali pake paandikwe aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi. Shauri likakubaliwa. Mpango uliotazama hata mwaka 2000 ukapitishwa kwa kauli moja, na wageni wakaanza kufunga mizigo.