Sabuni ya kunyolea ya bei chee na historia yake

Hapa hosteli kumekuwa na ubishi wa karibu wiki nzima juu ya sabuni ya kunyolea ndevu. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja hununua povu la kopo, lile la kubonyeza likatoka pwaaa kama mapambo ya keki, na bumu likiingia ndicho kitu cha kwanza anachokimbilia. Mimi natumia sabuni ya kijiti, Arko ya Uturuki, ambayo jamaa mmoja wa hapa huletewa na mjomba wake anayefuata mzigo kule. Bei yake haifiki hata robo ya lile kopo. Mwenzangu ana msemo mmoja tu: rahisi ghali, bwana. Na kwa kuwa mimi nasomea kufundisha historia, nikaona nimjibu kwa historia.

Kwetu sisi wa ualimu ubishi huu si wa urembo tu. Mazoezi ya kufundisha yanakaribia, wiki kibao za kusimama mbele ya wanafunzi kila asubuhi ukiwa umenyoa, na sisi wenye nywele za kipilipili tunajua kinachofuata. Unywele ukikatwa karibu sana na ngozi unajikunja, unarudi ndani, na kidevu kinajaa vipele. Mtu akikwambia sabuni ya bei kubwa itakuokoa, unashawishika kutoa hela ya wiki nzima ya msosi. Kwa hiyo swali lina uzito: ile hela ya ziada inanunua nini hasa?

Tuanze na kazi yenyewe. Kinacholainisha ndevu ni maji. Unywele ukiloweshwa kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, unayanywa, unavimba, unakatika kirahisi. Sabuni inaondoa mafuta yanayozuia maji kuingia, halafu povu linayashikilia yale maji yasikauke na kuupa wembe mahali pa kuteleza. Basi, kazi yake ni hiyo. Sabuni ya kawaida ya kuogea haifai sana kwa sababu povu lake ni la mapovu makubwa makubwa, linazimika kabla hujamaliza shavu moja. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa potashi kwa wingi badala ya kostiki soda peke yake, na huwa na asidi ya steariki nyingi, ile inayopatikana kwenye shahamu ya ng'ombe na kondoo au kwenye mawese. Potashi inaifanya sabuni iwe laini na iyeyuke upesi. Steariki inalifanya povu liwe zito kama maziwa ya mgando, na lisimame. (Potashi si kitu kigeni. Bibi zetu waliochuja maji ya majivu ili kupika sabuni walikuwa wanaitoa humo humo kwenye majivu.)

Sasa, hivyo vitu viwili, chumvi za alkali na mafuta yanayoeleweka, ndivyo vilivyokuwa shida zamani. Ulaya ya karne ya 18 ilitegemea majivu ya miti na ya mimea ya pwani, na misitu ilikuwa inakwisha. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya njia ya kutengeneza soda kutoka chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya Ufaransa yakamnyang'anya kiwanda, naye akajiua mwaka 1806, lakini njia yake ikaenea na kuwatajirisha watu wengine. Mwenzake Michel Eugène Chevreul alikuwa na bahati zaidi: kitabu chake cha mwaka 1823 kilieleza mafuta ya wanyama yameundwa na nini, ikiwemo hiyo steariki, na mzee mwenyewe aliishi hadi miaka 102. Kuanzia hapo mpika sabuni hakubahatisha tena. Alijua anachotaka kwenye shahamu na kwa nini anakitaka.

Uingereza walikuwa na kikwazo kingine, kodi. Kodi ya sabuni iliyowekwa mwaka 1712 ilisimamiwa kwa ukali kiasi kwamba maofisa walifunga mifuniko ya masufuria ya viwandani kwa kufuli usiku ili mtu asipike kwa siri. Ilifutwa mwaka 1853, Gladstone akiwa waziri wa fedha. Nikifundisha mapinduzi ya viwanda nitaanzia kwenye hizo kufuli, si kwenye mtambo wa mvuke ambao wanafunzi wameshauchoka toka fomu two.

Marekani, James B. Williams alianza kuuza sabuni ya kunyolea huko Connecticut mwaka 1840, na baadaye akahamia mji wa Glastonbury. Hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifanya sabuni ya kunyolea kuwa bidhaa ya kiwandani. Ilikuwa kipande cha duara cha kuwekwa kwenye kikombe: unazungusha brashi iliyolowa, unapaka. Kampuni ikakua sana kwa kitu hicho kidogo. Angalieni mantiki yake: malighafi kubwa ni shahamu, kitu ambacho mchinjaji anatafuta pa kukipeleka, potashi imeshashuka bei, na kipande kimoja kinadumu miezi. Yaani ni rahisi kwa maumbile yake. Hakuna aliyeipunguza kitu ili iwe rahisi.

Halafu akaja King Camp Gillette na kiwembe chake cha kubadilisha. Mwaka 1903 aliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zikapita 90,000! Mwanaume aliyezoea kwenda kwa kinyozi akaanza kujinyolea nyumbani, na akahitaji sabuni yake mwenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ikamalizia kazi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali yao iliagiza mashine za Gillette karibu milioni 3.5 kwa ajili ya askari, na uso ulionyolewa ulisaidia pia barakoa ya gesi kukaa vizuri. Mamilioni ya vijana walirudi makwao wakiwa na tabia ya kunyoa kila siku.

Hapa ndipo mwenzangu anapopata pointi yake, na nampa kwa moyo mweupe, kwa sababu kwenye vita hiyo hiyo kitu rahisi kiliua watu. Hakikuwa sabuni. Kilikuwa brashi.

Kabla ya vita brashi nzuri zilitengenezwa kwa manyoya ya mnyama aina ya nyegere wa Ulaya, mengi yakitoka Urusi, na biashara ya manyoya ilipitia Ujerumani, ambako yalisafishwa kwa dawa. Vita ikaikata njia hiyo. Watengenezaji wakageukia singa za farasi kutoka Asia, wakazipaka rangi zifanane na nyegere, na usafishaji ukawa wa juu juu au haukuwepo kabisa. Singa zile zilibeba kimeta. Wasomaji wangu mnaotoka sehemu za wafugaji hamhitaji kuelezwa kimeta ni nini. Vimelea vyake hujifunika ganda, vikakaa miaka kwenye ngozi na manyoya, na maji ya moto ya kunyolea pamoja na sabuni havivifanyi kitu. Askari anapewa brashi mpya, anajikata kidogo kidevuni kama kila mtu, na ndani ya siku chache kidonda cheusi kinavimba shingoni. Wakati huo hapakuwa na penisilini.

Watafiti waliopitia kumbukumbu za kati ya mwaka 1915 na 1924 wamehesabu zaidi ya wagonjwa 200 katika Marekani na Uingereza, askari wakiwa wengi kuliko raia. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kinachofundisha kuliko vyote kwenye habari hii, kwa sababu brashi ile na sabuni ile zilikaa kwenye kabati moja, zote za bei ndogo, na urahisi wao haukuwa wa aina moja. Brashi ilikuwa rahisi kwa kuwa mtu aliruka hatua ya kusafisha, akaficha kwa rangi. Sabuni ilikuwa rahisi kwa kuwa hatua zake zilikuwa chache tokea mwanzo. Ukisema "rahisi ghali" unavichanganya hivi viwili.

Na kuna urahisi wa tatu ambao sisi Waafrika hatuna ruhusa ya kuuruka. Shahamu haikutosha. Viwanda vya sabuni vikahitaji mawese, na mwaka 1911 William Lever, yule wa Sunlight, alifanya mkataba na Ubelgiji kuhusu michikichi ya Kongo. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge, na mji wake mkubwa, Lusanga ya leo, ukaitwa Leverville. Lever alikuwa pia ameshainunua Vinolia, waliokuwa wakiuza sabuni za kunyolea miongoni mwa nyingine. Kupanda mchikichi na kukata mikungu ni kazi ya hatari, ujira ulikuwa mdogo mno, na wanaume wengi walipelekwa kwa nguvu, watawala wakishirikiana na kampuni. Mwaka 1931, bei ya mikungu iliposhushwa kwa sababu ya mdororo wa dunia huku kodi ikidaiwa vilevile, Wapende waliasi. Jeshi la kikoloni likaua mamia yao. Mzee wa London aliyekuwa akijipaka povu lake la senti chache asubuhi hiyo hakulipa gharama yote, sehemu ililipwa Kwilu. Hili somo nikilipata darasani nitaling'ang'ania, maana silabasi inasema "ukoloni ulitafuta malighafi" na mwanafunzi anaandika hivyo hivyo kwenye mtihani bila kujua malighafi hiyo ilikwenda kwenye uso wa nani.

Turudi kwa lile kopo. Mwaka 1919 Frank Shields wa Indianapolis alitoa Barbasol, krimu isiyotaka brashi wala kutengeneza povu. Mwaka 1949 likaja kopo la kwanza la povu la gesi, Rise, na kwa miaka michache tu Wamarekani wengi wakahamia huko. Gesi zilizotumika mwanzo zilikuja kugundulika kuwa zinaharibu tabaka la ozoni, na Marekani ikazipiga marufuku kwenye makopo ya namna hiyo mwaka 1978. Siku hizi wanatumia gesi za jamii ya ile ya kupikia.

Niligeuza kopo la mwenzangu nikasoma maandishi ya nyuma, tena mbele yake. Kitu cha kwanza: maji. Cha pili: asidi ya steariki! Ile ile ya Chevreul, ile ile ya kwenye kijiti changu, imechanganywa na alkali nyingine kisha ikasukumwa na gesi. Kwa hiyo analipia chuma, gesi, maji yaliyosafirishwa kwa meli, na sura ya yule jamaa wa kwenye tangazo mwenye kidevu kama cha sanamu. Hakupenda nilivyosema. Akajibu kwamba yeye ananyoa dakika tatu wakati mimi bado nazungusha brashi, na hapo ni kweli, siku ya kipindi cha saa moja asubuhi kopo lina faida. Halichafuliwi na mkono wa mtu mwingine pia.

Ila vipele anavyo kama mimi nilivyokuwa navyo mwaka wa kwanza, kwa sababu vipele haviulizi bei ya sabuni. Vinategemea umelowesha muda gani, umefuata nywele zinakoelekea au umezikwangua kinyume, na umerudia mara ngapi sehemu moja ukitafuta ulaini wa mtoto mchanga. Mwenye vipele vibaya ni afadhali aache wembe kabisa na apunguze kwa mashine, akiacha vinywele vifupi. Wala sabuni yangu haitamsaidia, nisije nikaonekana naipigia debe.

Walioniuliza natumiaje, ni hivi. Naoga kwanza, sinyoi kabla ya kuoga. Nasugua kijiti moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, ukipita nasikia kabisa zinavyokikwangua. Halafu brashi iliyoloweshwa na kukung'utwa kidogo, nazungusha mpaka povu ling'ae bila vishimo. Likiwa kavu naongeza tone la maji, watu wengi wanakosea hapa, wanaongeza sabuni. Napita mara moja kuelekea chini, napaka tena, napita ya pili kwa ubavu kwenye shavu tu, shingo naiacha. Brashi yangu ni ya nailoni, naisuuza na kuitundika kichwa chini dirishani ikauke, na haiazimwi, wala wembe. Kijiti nilikianza muhula uliopita, na bado kimebaki kiasi cha kidole gumba.