Wimbo wa Lawino

Wimbo wa Lawino ni shairi refu la tashtiti la Okot p'Bitek (1931–1982), mshairi Mwacholi kutoka Gulu, Uganda. Lilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 jijini Nairobi, kisha kwa Kiacholi mwaka 1969. Tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa ilitoka mwaka 1975.

Msemaji ni Lawino, mke aliyetupwa kando na Ocol, msomi na mshika dini. Sehemu kali kuliko zote ni ya katekisimu. Wanafunzi wanakaririshwa kama kasuku maneno wasiyoyaelewa, huku ngoma ikirindima nje. Lawino anatoroka kwenda kucheza. Walimu wa dini nao hawapati nafuu kwake: macho yao yako kwa wasichana. Anapouliza Muumba aliumbwa na nani, hapewi jibu ila karipio. Okot aliyajua haya kwa karibu, maana baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni.

Kuhusu mateso, dhihaka inapungua sauti. Maradhi yakiingia nyumbani, Ocol anapiga marufuku waganga na hirizi, ilhali mwenyewe amevaa msalaba shingoni na binti zake rozari. Lawino haoni tofauti. Lakini hajipendelei: siku ya kufa ikifika, asema, dawa ya Mzungu na ya mganga zote hazifui dafu.

Mwaka 1970 Okot alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika Wimbo wa Ocol. Jibu lenyewe lina hasira nyingi kuliko hoja.