Chanjo Kewanja

Kewanja ni kijiji cha Nyamongo, wilayani Tarime mkoani Mara, kinachopakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Wenyeji wake ni Wakurya, wakulima na wafugaji ambao ndugu zao wengine wanaishi ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya.

Kinachokwamisha chanjo katika eneo kama hili mara nyingi si mila. Sindano ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto huyapata mapema akizaliwa kituoni. Dozi inayoponyoka kirahisi ni ya pili ya surua-rubela, katika mwezi wa 18. Mtoto amekwishaanza kutembea, mama amerudi shambani, na kliniki ya kupima uzito inaonekana imemaliza kazi. Wanaofuata dhahabu nao huhama na watoto wao, kadi ikabaki walikotoka.

Shaka ni jambo jingine, na haikuanzia kwenye sindano. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, ambao watu na mifugo waliutegemea. Aliyewahi kuambiwa na wataalamu kwamba maji ni salama hawezi kulaumiwa akiuliza maswali kuhusu kichupa cha chanjo. Kisha ikaja korona: serikali iliyokuwa ikizitilia shaka chanjo zake ikabadili msimamo, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani.

Uvumi mzito zaidi ni ule wa ugumba. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliituhumu kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake kwamba inaleta ugumba, serikali ikakanusha. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ilikuta hofu ya namna hiyo tayari. Katika jamii yenye nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mke ili apate mrithi, uvumi wa ugumba hauchukuliwi kama porojo.

Wilaya jirani ya Serengeti ina mfano wa kinyume. Kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa ilianza huko mwaka 1996, na baada ya awamu mbili ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 97. Hapakuhitajika mahubiri mengi: kichaa cha mbwa watu wamekiona kwa macho, na chanjo iliwafuata vijijini, watoto wakiwaleta mbwa wao kwa kamba.