Chumvi ya Eyasi na Maji Yaliyomo Ndani ya Magadi

Nchi ya Misungwi iko ufukoni mwa Ziwa la Viktoria, kusini ya mji wa Mwanza. Maji ya ziwa hilo ni matamu, wala hayaachi chumvi yakaukapo. Kwa hiyo Wasukuma wa zamani, ingawa walikaa kando ya maji mengi, iliwapasa kuitafuta chumvi mbali.

Wakati wa kiangazi makundi ya vijana yalishika njia ya mashariki, kwa miguu, mpaka Ziwa la Eyasi katika Bonde la Ufa, ambalo maji yake hupungua kwa jua na kuacha ganda jeupe. H. S. Senior aliziandika safari hizo katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Hazikuwa biashara tu. Zilikuwa pia jaribio la ujana.

Maziwa ya bonde hilo hutoa vitu viwili vifananavyo kwa weupe: chumvi na magadi. Lugha ilivitenga zamani, kwani chumvi hukoleza chakula, na magadi hulainisha maharagwe. Elimu ya kemia inauthibitisha utengano huo. Fuwele ya chumvi imejengwa kwa sodiamu na klorini, zilizopangana kwa umbo la mchemraba, wala haina maji ndani yake. Fuwele ya magadi ghafi, yaani trona, ina maji yaliyoshikamana na kaboneti ya sodiamu. Maji hayo si unyevu uliobaki, bali ni sehemu ya jengo lenyewe.

Moto huidhihirisha tofauti. Chumvi huvumilia mpaka digrii 801 za sentigredi, ndipo iyeyuke. Magadi, hata kabla ya digrii 200, hutoa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, na fuwele zake huvunjika. Ratili 100 hubaki kama 70. Kazi ya kuyachoma hivyo ilifanywa Magadi, nchini Kenya, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911.

Basi neno “magadi” peke yake halitoshi; yafaa kuongeza “ghafi” au “yaliyochomwa”, kwa kuwa vipimo vyake havilingani. Vivyo hivyo, msomaji wa habari za misafara asidhani kwamba kila mzigo mweupe ulikuwa chumvi. Aliyejitwika ratili 100 za magadi ghafi alichukua ratili 16 za maji, akapita nazo katika nchi ya kiu, asiweze kuyanywa.