Dawa ya Ukutani Ndungu na Fedha Iliyokoma 1959

Ukitoka Same kwa barabara ya Kisiwani, milima ya Pare Kusini inakuwa mkono wa kulia na nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto. Ukishapita Maore unaingia Ndungu. Siku hizi mji huu unajulikana kwa mchele wake. Zamani ukanda huu wote wa tambarare ulijulikana kwa homa, na wakazi wa milimani waliujua ubaya wa kulala bondeni kabla daktari yeyote wa kizungu hajafika na darubini.

Mwaka 1955 vikosi vya wapiga dawa vilianza kupita nyumba kwa nyumba katika tambarare hii, kutoka Pare Kusini hadi Taveta upande wa Kenya. Kila mmoja alibeba pampu ya mkono begani. Watu walitoa nje vyakula na vyombo, wapiga dawa wakaingia, wakanyunyiza dieldrin kuta zote na upande wa ndani wa paa. Dawa ilikauka na kubaki pale kwa miezi. Mbu aliyeshiba damu hupenda kutua ukutani kupumzika. Akitua juu ya dieldrin, amekwisha. Baada ya takriban miezi minane vikosi vilirudi, na ikawa hivyo hadi 1959.

Nyuma ya wapiga dawa walikuja wapimaji. Watoto walichomwa vidole, tone la damu likawekwa kwenye kioo. Walipapaswa tumbo kuangalia kama bandama imevimba. Alfajiri, shuka jeupe lilitandazwa sakafuni, chumba kikapulizwa sumu ya pareto, kisha mbu waliodondoka wakaokotwa mmoja mmoja na kuhesabiwa. Watu nao walihesabiwa: waliozaliwa, waliofariki, waliohama. Kwa makumi ya maelfu ya watu wa vijijini katika miaka ya 1950, hesabu za namna hiyo zilikuwa jambo la nadra Afrika nzima.

Huu ndio Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta. Uliendeshwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, chini ya Dakta Bagster Wilson. Gharama zilibebwa na serikali za kikoloni kwa fedha za Uingereza, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa lugha ya leo tungesema ni mradi wa wafadhili wengi wenye mtekelezaji mmoja, na muda wake wa kuanza na kumalizika uliandikwa mapema.

Kilichouzaa mradi ni ubishi. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, wakagawanyika. Kundi moja lilisema dawa ipo, mbu wauawe, watu wapone. Kundi lingine, na Wilson alikuwa karibu nalo, liliogopa. Mahali ambapo kila mtoto anaumwa malaria tangu kuzaliwa, anayevuka utotoni anakua na kinga. Ukiuondoa ugonjwa kwa miaka michache, kinga inapungua; fedha ikiisha na mbu akirudi, utawakuta watu wazima nao hawana ulinzi. Pare na Taveta zilichaguliwa kujibu swali hilo kwa vitendo. Ina maana kwamba kusitisha dawa kulikuwa sehemu ya jaribio sawasawa na kuianza. Sidhani kama wapiga dawa waliokuwa wakibisha hodi Ndungu walikuwa wakiwaeleza wenye nyumba jambo hilo kwa maneno hayo.

Kwa muda wa kupuliza, matokeo yalikuwa makubwa. Vimelea kwenye damu ya watoto vilishuka sana. Anopheles funestus, mbu anayependa kukaa ndani ya nyumba na kunyonya damu ya binadamu, karibu atoweke kabisa. Mwaka 1960 Mick Gillies na Alec Smith waliandika jambo la ajabu: nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, anayefanana naye kiasi cha kuwachanganya wasio wazoefu, ila yeye mate yanamtoka kwa ng'ombe zaidi kuliko kwa mtu. Bila watu wa kuokota mbu kila alfajiri na kuwatambua kwa lenzi, hakuna ambaye angegundua.

Kisha 1959 pampu zikawekwa chini. Wataalamu wa Amani, akiwemo Pringle, waliendelea kufuatilia katika miaka ya 1960. Malaria ilirudi, ingawa polepole, ilichukua miaka. Maafa yaliyoogopwa Kampala hayakutokea kwa ukubwa ule. Vifo vya watoto havikurudi mara moja kama vilivyokuwa kabla ya dawa, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba klorokwini ilikuwa imeanza kupatikana kwa urahisi, hata madukani. Wanasayansi walipata jibu lao. Wakazi walipata miaka michache ya nafuu. Halmashauri ya wilaya ilipata nini? Haikupata stoo ya dawa, wala kikosi kilicho kwenye orodha yake ya mishahara, wala kifungu cha bajeti. Vyote hivyo vilikuwa vya mradi, na mradi ulikuwa umefunga vitabu.

Isidhaniwe kwamba watu wa Upare hawakuwa na uwezo wa kuuliza maswali ya fedha. Muongo mmoja tu kabla ya dieldrin, walipotozwa kodi ya kukadiriwa iliyoitwa mbiru, mwaka 1945 maelfu walishuka Same wakapiga kambi kuipinga, na baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano, hadi kodi ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo ameandika habari hiyo kwa kirefu. Watu waliodai kujua kodi yao inakadiriwaje wangeweza pia kuulizwa wao wanaonaje mradi wa miaka minne unaogusa damu ya watoto wao. Ila fedha za mradi hazikupita mikononi mwao, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa kuulizia.

Zanzibar ilipitia njia hiyohiyo kwa upana zaidi. Mpango wa kutokomeza malaria uliosaidiwa na WHO ulisimama 1968 maambukizi yakiwa yameshuka mno, na baada ya miaka kadhaa ugonjwa ulikuwa umerejea kwa kishindo.

Wakati pampu zinapita Ndungu, Waswisi walikuwa wakijenga maabara ndogo Ifakara. Ilianza 1957 chini ya Rudolf Geigy wa Basel, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya Waswisi hasa. Lakini hawakufunga vitabu. Walikaa, wakasomesha, na mwaka 1996 maabara ile ikawa taasisi iliyosajiliwa kwa sheria za Tanzania na yenye bodi yake. Dakta Andrew Kitua aliyeiongoza alikwenda kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ilichukua karibu miaka 40. Hakuna mfadhili ninayemjua leo anayesaini mkataba wa miaka 40. Mitatu hadi mitano ndiyo desturi, na mwaka wa kwanza huishia kwenye kuajiri na kununua magari.

Amani nayo haikufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na taasisi ya malaria ikabaki bila mama. Mwaka 1979 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha NIMR, Profesa Wen Kilama akawa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza, na Amani ikawa kituo chake. Watu waliofundishwa kushika mbu enzi za Wilson na Gillies walikuwa bado wapo Muheza, wilaya yenye Amani, na ujuzi wao ukapata kazi mpya. Mwaka 1987 yalichapishwa majaribio ya Muheza ya vyandarua vilivyotiwa permethrin, na miongoni mwa waandishi watatu mmoja alikuwa Mtanzania, J. Myamba. Abraham Mnzava, aliyefanya utafiti hukohuko, baadaye alisimamia udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa katika makao makuu ya WHO, Geneva. Chandarua chenye dawa kilichokuja kuenea nchi nzima kinadaiwa sehemu ya asili yake na vibanda vya majaribio vya Muheza.

Ndungu yenyewe ilipata mradi mwingine mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1980, safari hii wa maji. Japani ilitoa msaada wa kujenga skimu ya umwagiliaji ya hekta 680 inayotumia maji ya mto Yongoma. Mpunga ukashamiri, na mpunga ni maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama ni mbu. Wengi walitarajia malaria ipande. Utafiti wa Jasper Ijumba na Frank Mosha kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi ya chini, uliochapishwa 2002, ulionyesha kinyume: mbu walikuwa wengi zaidi penye mpunga, lakini maambukizi hayakuwa makubwa zaidi ya vijiji vya jirani. Mwenye mpunga ana fedha ya chandarua na ya dawa. Afya iliingia kwa mlango wa shamba, ambao wafadhili wa afya mara nyingi huupita bila kuutazama.

Mfuko wa Dunia wa Kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ulipoanza 2002, Tanzania ilitumia ruzuku yake ya mwanzo kwa jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko mengi yaliyofuata: Hati Punguzo. Ilianza 2004, na kufikia 2006 ilikuwa imeenea nchi nzima. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza fedha kidogo, baadaye shilingi 500 tu, akatoka na chandarua. Mwenye duka aliipeleka hati kwa msambazaji akapata bidhaa nyingine. Viwanda vya Arusha, A to Z na Sunflag, vilipata soko. Fedha ya Mfuko wa Dunia ilizunguka ndani ya Tanzania mara kadhaa kabla ya kwisha. Kisha zikaja kampeni za kugawa vyandarua bure, zilizofikia watu wengi kwa haraka kuliko hati, hilo sikatai. Ila mwenye duka hakuwa na sababu tena ya kuweka vyandarua, na Hati Punguzo yenyewe ikasimama 2014.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa kituo cha afya kama cha Ndungu hayakuwa na picha za kupendeza. Tangu 1999 baadhi ya wafadhili walikubali kuchanga kwenye Mfuko wa Pamoja wa Afya, kila halmashauri ikapanga matumizi yake badala ya kila mfadhili kuja na mradi wake. Hata hivyo fedha iliishia kwenye akaunti ya halmashauri, na zahanati ilisubiri. Mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ulibadilishwa: fedha za mfuko ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila zahanati na kituo cha afya, kamati ya usimamizi ya kituo ipitishe matumizi, na kila malipo yaingizwe kwenye mfumo wa uhasibu uitwao FFARS. Muuguzi aliyezoea kuandika kadi za kliniki akajikuta anaandika hati za malipo na kulinganisha taarifa za benki. Malalamiko yalikuwa mengi na ya haki: zahanati haina mhasibu, na saa za kujaza mfumo zinatoka kwenye saa za wagonjwa. Lakini kwa mara ya kwanza mjumbe wa kamati, mkulima wa mpunga pengine, aliweza kuuliza kiasi gani kimeingia robo hii na kimelipia nini.

FFARS yenyewe ilitengenezwa kwa msaada wa mradi wa Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, likafikia mwisho. Watumishi wengi waliolipwa na miradi nchini walirudi nyumbani kwa taarifa ya siku chache. Akaunti za vituo hazikufungwa, kwa sababu zilikuwa za serikali. Vipimo vya haraka vya malaria na dawa mseto ndivyo vilivyozua hofu, maana kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bidhaa hizo imenunuliwa na Mfuko wa Dunia na Marekani. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania bado haijafika hapo, na kila mwaka wizara inaposoma makadirio yake Dodoma, kifungu cha malaria kinaendelea kuonyesha fedha za nje katika safu yake.