Karne Mbili za Kuupima Umakini

Mwaka 1798 daktari wa Kiskoti, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu ambao mawazo yao hayatulii. Mwaka 1902 George Still akahutubia madaktari wenzake London kuhusu watoto walioshindwa kujitawala. Wote wawili walitegemea macho na masikio.

Vipimo vilikuja baadaye. Mwaka 1935 John Ridley Stroop aliwataka watu wataje rangi ya wino wakati neno lenyewe linataja rangi nyingine. Mwaka 1956 Rosvold na wenzake walitunga kipimo cha kufuatilia herufi zinazopita na kubonyeza kitufe inapotokea ile iliyotajwa tu. Jina la ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, lilipoingia katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1987, wengi walitaraji vipimo hivi vitoe hukumu. Havikutoa. Mwaka 2005 Erik Willcutt na wenzake walichambua tafiti 83, nyingi za watoto na vijana: wenye ADHD walikuwa nyuma kwa wastani, lakini si kila mmoja wao alionyesha upungufu. Isitoshe, sonona, pombe au kukosa usingizi pia hushusha alama.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuwa na hadhari na hukumu juu ya akili za watu. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kwamba Mwafrika haitumii vyema sehemu ya mbele ya ubongo wake. Lilikuwa tusi lililovishwa joho la sayansi. Vipimo navyo vinaweza kupotosha. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa vijijini karibu na Bagamoyo: walipofundishwa kidogo tu kati ya jaribio la kwanza na la pili, alama zilipanda. Alama ya kwanza ilikuwa imeficha uwezo wao.

Kwa mtu mzima wa huku anayeshukiwa kuwa na ADHD, basi, uchunguzi uanze na maisha yake. Je, dalili zilikuwapo kabla ya miaka 12, kama toleo la 2013 la mwongozo ule wa Marekani linavyotaka? Zinamsumbua kazini na nyumbani pia? Mama, shangazi na mwalimu wa zamani ni mashahidi wakubwa. Vipimo vifuate, vikiwa katika Kiswahili na vimelinganishwa na watu wa elimu kama yake, vionyeshe kama kumbukumbu au kasi ndiyo imelegea, na visaidie pale palipowahi kutokea ajali ya bodaboda iliyoumiza kichwa. Asinyimwe tiba kwa sababu tu amefaulu mtihani wa saa moja katika chumba kimya.