Vipuri vya rivolva: bidhaa ndogo dukani, silaha mpakani

Springi chache, skrubu na pini moja ya chuma vinaweza kutumwa kwa posta kutoka Texas hadi Ohio bila leseni ya silaha kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya Marekani. Vitu hivyo hivyo vikishushwa Mombasa au Dar es Salaam vinaweza kuhesabiwa kuwa silaha, na gari lililovibeba likashikiliwa pamoja na mzigo.

Ndiyo maana biashara ya vipuri vya rivolva inamhusu hata mfanyabiashara ambaye hajawahi kushika bastola. Anayepakia vifurushi vya wateja wengi katika kontena moja anahitaji kujua vipuri hivyo vinafananaje na sheria inavitazama vipi.

Rivolva ya nyundo

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, kwa kawaida yenye nafasi za risasi 5 au 6. Inayozungumziwa hapa ni ya mtindo wa zamani, ambapo mpigaji huvuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Kifyatuo kina kazi moja tu, kuiachia nyundo.

Iliyojulikana zaidi ni Colt Single Action Army, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Jeshi lilihamia silaha nyingine, lakini wateja wa kiraia waliendelea kuitaka. Colt ilisimamisha utengenezaji wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuurejesha mwaka 1956. Kufikia hapo kampuni ya Ruger ilikwishaingiza sokoni Single-Six mwaka 1953 na Blackhawk mwaka 1955. Viwanda vya mkoa wa Brescia nchini Italia, vikiwemo Uberti na Pietta, vikajipatia soko kwa kutengeneza nakala za silaha za karne ya 19.

Msukumo mwingine ulitoka kwenye michezo. Mwaka 1987 kiliundwa nchini Marekani chama cha Single Action Shooting Society, ambacho washindani wake hutumia rivolva mbili za mtindo huu pamoja na bunduki ndefu, na muda wao hupimwa. Rivolva inayotoka kiwandani mara nyingi huwa nzito kuvuta. Hapo ndipo soko la vipuri vya kampuni nyingine, yaani visivyotengenezwa na kiwanda cha silaha yenyewe, lilipopata wateja wa kudumu.

Kinachobadilishwa

Kwanza ni springi. Rivolva za Colt na nakala zake nyingi hutumia springi bapa, ambazo huweza kuvunjika baada ya matumizi mengi. Mafundi huweka za waya mahali pa baadhi yake. Ruger ilichagua springi za kuzunguka tangu mwanzo, hivyo mteja wake hubadilisha nguvu tu. Nyundo ikiwa na springi laini huvutika kwa urahisi zaidi.

Pili ni pini kuu ambayo silinda huizunguka. Pini ya kiwandani ikiwa imelegea, silinda hucheza, na mshindo wa risasi nzito unaweza kuisogeza pini hiyo mbele. Pini nene kidogo, yenye skrubu ya kuikaza, huondoa tatizo hilo.

Tatu ni nyundo yenye ncha iliyoshushwa ili kidole gumba kifike kwa urahisi, na kifyatuo kilichosuguliwa. Nne ni mpini wa mbao, pembe au plastiki, ambao ndio kipuri rahisi zaidi kubadilisha na ambao haugusi kabisa mtambo wa kufyatua.

Mpini kando, vipuri hivi si kama taa ya gari inayotolewa na kuchomekwa nyingine. Kipande kinachozungusha silinda na kile kinachoifunga lazima vifanye kazi kwa mfuatano, ili tundu la silinda lilingane na mtutu wakati nyundo inapoanguka. Vikipishana, risasi inaweza kuchubuka ikiingia kwenye mtutu na kurusha vipande vya risasi pembeni. Springi ikilainishwa kupita kiasi, nyundo hupiga fataki kwa unyonge na risasi haiwaki. Meno ya nyundo yakisuguliwa kupita kiasi, bastola inaweza kufyatuka bila kukusudiwa. Kwa sababu hiyo kazi hii ni ya fundi wa silaha, na Marekani anayeifanya kama biashara lazima awe na leseni ya shirikisho.

Funzo la usalama lipo katika historia ya Ruger yenyewe. Katika rivolva zake za awali, nyundo iliyolala ilikaa juu ya pini inayogusa risasi. Bastola ikianguka ingeweza kufyatuka, hivyo desturi ikawa kupakia risasi 5 na kuacha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu. Mwaka 1973 kampuni ilileta muundo mpya wenye kipande kinachopitisha pigo la nyundo pale tu kifyatuo kinapovutwa. Mwaka 1982 ilianza kuwafungia wamiliki wa zile za zamani mtambo wa usalama bila malipo. Mnunuzi wa vipuri akikosea kati ya muundo wa kabla na baada ya 1973, kuna vipuri vya ndani ambavyo havitaingia.

Kipuri kimoja, sheria tatu

Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1968, silaha kisheria ni bodi yenye namba ya usajili. Silinda, mtutu, nyundo na springi huuzwa kama bidhaa nyingine. Hata hivyo, uhuru huo unaishia mpakani. Vipuri vinavyouzwa nje viko chini ya udhibiti, na tangu Machi 2020 sehemu kubwa ya usimamizi wa silaha za kiraia ulihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Wizara ya Biashara. Muuzaji anayekubali kutuma bila kuuliza kibali hamsaidii mteja.

Umoja wa Ulaya unatazama kwa jicho jingine. Silinda na mtutu vimo katika orodha ya sehemu muhimu za silaha, na hudhibitiwa kama silaha. Hivyo silinda inayouzwa bila karatasi Marekani haiuzwi hivyo Italia.

Afrika Mashariki iko karibu zaidi na msimamo mkali. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, inagusa pia sehemu na vipuri ambavyo silaha haiwezi kufanya kazi bila ya kuwa navyo. Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inajumuisha sehemu ya silaha katika maana ya silaha. Tanzania ilipitisha sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya vitabu vya ushuru katika orodha ya bidhaa zinazoingia kwa masharti.

Mtego wa namba ya ushuru

Rivolva huingia chini ya kifungu 9302 na vipuri vyake chini ya 9305. Lakini maelezo ya Sura ya 93 yanaondoa humo vipuri vya matumizi ya jumla. Springi ya chuma inaweza kuangukia kifungu 7320, na skrubu 7318, sawa na za mashine yoyote.

Hapo ndipo wengine hujidanganya. Namba ya ushuru inaamua kiasi cha kulipa, haimwondolei mtu wajibu wa kibali. Springi ya nyundo ikiwa imo katika kundi la sehemu ambazo silaha haifanyi kazi bila hizo, polisi watauliza kazi yake, si kifungu chake.

Kwa msafirishaji hasara ni kubwa kuliko thamani ya kifurushi. Sheria ya Forodha ya Jumuiya inaruhusu kutaifishwa kwa gari lililotumika kubeba bidhaa zinazostahili kutaifishwa. Mizigo inayopita kwenda Sudan Kusini, iliyowekewa vikwazo vya silaha na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, au mashariki mwa Kongo, ambako vikwazo vya mwaka 2003 vililengwa kwa makundi yasiyo ya serikali kuanzia 2008, inahitaji uangalifu zaidi.

Maelezo ya mzigo kama "vipuri vya chuma" au "vifaa vya michezo" hayatoshi. Msafirishaji anapaswa kudai ankara inayotaja kila kipande na silaha kinakofungwa, pamoja na nakala ya kibali kilichotolewa kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Mwenye mzigo akishindwa kuonyesha karatasi hizo, kifurushi kibaki ghalani.